Kikapu cha Vitambaa vya Altare

"Nipe hicho kikapu, dada," alisema mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, aliyekaa mbele yangu kwenye basi, rozari mkononi, akimwambia mwanamke aliyeketi kando yake. "Kikao kimeamua. Binti yako amezalia nyumbani bila ndoa, kwa hiyo wewe usifue tena vitambaa vya altare."

Mwenzake alikikumbatia kikapu. "Kikao cha nani? Siku mliyokaa, mimi nilikuwa nafua."

"Si mimi niliyesema, ni jumuiya."

Jumuiya nzima, nilivyoona, ilikuwa imeenea kwenye kiti kimoja.

"Haya, mwenyekiti. Kitambaa cha kufutia kalisi, maji yake ya kwanza unamwaga wapi?"

"Kwenye sinki. Maji machafu hayo!"

Bibi mmoja nyuma yangu alijifanyia ishara ya msalaba.

"Kwenye udongo, mama!" alisema mwenye kikapu. "Kikombe hicho kilikuwa na damu ya Bwana. Miaka kumi na tisa namwaga kwenye waridi langu, na Jumapili nitakuja na vitambaa mkononi, mjukuu mgongoni."

"Huthubutu!"

Basi lilisimama mbele ya kanisa. Mfuaji alishuka, akageuka mlangoni. "Paroko yumo ndani. Shuka ukamwambie habari ya sinki."

Mwenyekiti hakuinuka, ingawa tangu mwanzo alikuwa amemwambia kondakta kwamba anashukia kanisani.