Gaudiose Aliyewasimamisha Wenye Meli Mbele ya Mizinga Yao

Ijumaa hii, baada ya miaka kumi na sita ya kukagua mizinga kwenye klabu yetu ya meli ndogo za vita hapa Nyarutarama, Gaudiose Mukeshimana anastaafu. Nimeombwa niandike kwa furaha kwenye jarida la klabu. Nitajaribu, lakini nimekasirika.

Kwa wageni mtakaosoma: meli zetu mtu mmoja anazibeba mikononi, zinaongozwa kwa rimoti, na zinapigana kweli. Mizinga inatumia gesi kurusha gololi ndogo za chuma. Ubavu wa mwenzako unatoboka, meli inazama. Sheria ya kufunga mzinga ni moja: mdomo uangalie chini, gololi ianguke majini hapo karibu, isifike ukingoni mwa bwawa kwenye watu.

Kila mtu anaapa kwamba amefunga vizuri. Gaudiose hakutaka viapo. Alimwambia mwenye meli avue viatu, akunje suruali, aingie majini asimame mbele ya mzinga wake mwenyewe. Halafu yeye anabonyeza rimoti. Umefunga sawa, gololi inazama kabla ya kukufikia. Umedanganya, mguu wako ndio utasema.

Régis, yule mwenye villa pale juu, alikuja na meli inang'aa, akasema hana muda wa michezo ya kitoto. Akaingia majini amenuna. Pah! Gololi kwenye ugoko. Akaruka kama mbuzi. Gaudiose akamwambia, "Pole shefu, mzinga wako umekutambua." Tulicheka mpaka walinzi wa jirani wakaja kuuliza kuna nini. Régis aliushusha ule mdomo kwa mkono wake, na leo ni rafiki mkubwa wa Gaudiose.

Hata mimi alinisimamisha, mimi ambaye Kigali nzima hakuna fundi wa mizinga anayenifikia! Nilimwambia, "Dada, si unanijua?" Akajibu, "Nakujua, muzehe. Ingia." Niliingia. Gololi ilianguka mbali na mguu wangu, kama nilivyojua.

Watoto wa Kinyinya wanaokuja kukaa ukingoni kuangalia vita, wote bado wana macho mawili mawili. Ukitaka kuona medali ya Gaudiose, ni hiyo.

Sasa komite mpya ya mwenyekiti Ntare inasema ati kumsimamisha mwanachama majini ni kumkosea heshima. Kuanzia Jumamosi mtu atasaini tu kwamba mzinga wake unaangalia chini. Kusaini! Gololi inajua kusoma? Na meli ya mwenyekiti mwenyewe nimeiona: midomo yote imeinuliwa juu, ati ndivyo zinavyokaa meli za kweli. Meli za kweli ziko na bahari, bwana. Sisi tuko na bwawa, na watoto wa watu wamekaa pembeni. Walingoja huyu mama aage ndipo waseme!

Basi nasema hapa mbele ya wote, na mhariri asifute: mitungi ya gesi naijaza mimi. Asiyesimama majini hapati gesi, awe mwenyekiti, awe nani. Wakitaka kunifukuza wanifukuze, watafute fundi mwingine kama yuko.

Gaudiose, asante kwa kazi, asante hata kwa kutukaripia. Nenda nyumbani Kagugu ulale mchana bila mtu kukuita, Mungu akupe afya na wajukuu wasikivu. Na Jumamosi ukisikia meli ya mwenyekiti haikupigana, usishtuke: ni yeye anauogopa mzinga wake.