Kosa Lililopendwa Kuliko Mpigaji

Ndugu, jamaa na majirani, maneno haya yameandikwa na dada mdogo wa marehemu, na ndiye anayewasomea. Ameombwa aandike matamu matupu. Atajitahidi, ila marehemu hakupenda habari kutiwa chumvi, na mbele ya jeneza lake si mahali pa kuanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, kifungua mimba wa mama mshona nguo na baba msoma mita za maji. Nyumbani tulimwita Kaka, basi. Shuleni alikuwa wa katikati, si wa kwanza si wa mkia. Seremala wa shule ndiye aliyemfundisha gitaa, na tangu hapo mama alimwita mezani mara tatu ndipo asikie. Akikosea noti moja alirudia wimbo mzima. Sisi tuliolala chumba cha pili tunaijua adhabu hiyo. Alimaliza sekondari mwaka 1980, akasomea ufundi wa redio kwa miaka miwili.

Mwaka 1984 yeye na wenzake watatu waliunda bendi ya roki kwenye gereji ya mjomba. Jumamosi tarehe 7 Februari 1987 walirekodi santuri yao ya kwanza, "Taa ya Kona", wimbo aliohangaika nao miaka mitatu. Mwanzoni kabisa kidole kiliteleza. Akasimama, akasema, "Samahani, turudie," mpiga ngoma akacheka, wakaanza upya. Mashine ilikuwa inarekodi. Marehemu aliomba kipande hicho kikatwe.

"Kikatwe cha nini?" mwenye studio akamjibu. "Huo ndio utamu wenyewe."

Kwa bahati mbaya, alikuwa sahihi. Kufika Mei wimbo ulikuwa kwa kila kinyozi na kila kituo cha basi. Gazeti moja liliandika kwamba sehemu bora ya santuri ni mpiga gitaa kukosea. Mtaani akabandikwa jina la Turudie, na watoto waliokuwa hawajajua hata kufunga kamba za viatu walimfuata wakimwomba samahani. Watu wazima walimtuliza kwamba kuteleza si kuanguka. Yeye alisema, "Mimi niliteleza mara moja, wakanijengea nyumba pale pale."

Mwaka 1989, ukumbi umefurika, aliupiga sawasawa tangu noti ya kwanza. Wakamzomea. Mwimbaji akaacha kipaza sauti, akamsogelea sikioni: "Kosea, bwana. Watatuua hapa." Akakosea, akaomba radhi, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Santuri mbili zilizofuata hazikuwa na kosa lolote. Hazikununuliwa, na mwaka uliofuata bendi ikavunjika.

Tarehe 15 Desemba 1990 alimuoa shemeji yetu, mtunza maktaba. Alipoulizwa kama amekubali, alikwama kidogo kwa woga, na sauti ikatoka nyuma: "Samahani, turudie!" Watu wakavunjika mbavu, bwana harusi naye akacheka kwa adabu. Mwenye sauti hiyo ni dada yake huyu huyu. Jioni marehemu alimshika dada mkono na kumwambia, "Hata wewe?" Hakulitaja tena, na dada hakuwahi kumwomba msamaha, maana kila neno la kuomba msamaha lilikuwa limeshageuzwa mzaha.

Kwa miaka thelathini na mitatu alitengeneza redio katika kibanda chake kando ya soko. Kila aliyoikamilisha aliiwasha kuijaribu, na siku nyingine ikamtolea sauti yake mwenyewe akiwa kijana. Alibadilisha stesheni, akafunga skrubu, akamwita mwenye redio aje aichukue.

Mwezi Juni mwaka huu, 2024, alianza kuumwa tumbo. Madaktari walikuta saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshasambaa. Jumapili tarehe 15 Septemba aliomba gitaa lake. Binti mkubwa akalileta wodini. Akaupiga "Taa ya Kona" wote, polepole, bila kuteleza popote, na sisi tuliokuwepo hatukuthubutu hata kukohoa. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwalimu mstaafu, mtu mwema kabisa, akainua kichwa akasema, "Mzee mwenzangu, umekosea. Pale mwanzo unatakiwa usimame."

Marehemu akasema, "Kweli." Akalirudisha gitaa kwa binti yake, akageukia ukutani. Alifariki Jumatano tarehe 18 Septemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mpiga ngoma aliyebaki peke yake katika ile bendi, na dada mmoja. Mungu ampe amani ambayo sisi, kwa mapenzi yetu yote, hatukumpa.