Bwana Sindano, Mtafuta Matundu

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Bwana Sindano, alizaliwa tarehe 9 Mei 1960, kitinda mimba kwa mama yake. Utotoni malaria haikumpa nafasi. Dada yake aliyembeba mgongoni anaapa kwamba homa ikimpanda ungeweza kuchemsha chai kifuani pake, na kwamba mbu wa enzi hizo walibisha hodi kabla ya kuingia. Asiyeamini akamuulize; huyo hapo, mstari wa mbele.

Alisoma shule ya msingi na sekondari, kisha chuo cha afya, akahitimu mwaka 1984. Alianza na kazi ya kugawa neti na kuzikagua nyumba kwa nyumba. Wenzake waliishia mlangoni na maswali yao. Yeye alivua viatu, akajilaza kitandani kwa mwenye nyumba na kuimulika neti kwa tochi kutoka ndani. Alisema tundu halionekani mpaka ulale anapolala mwenyewe.

Mtindo huo ulimponza mwaka 1988. Alikuwa amepeleka posa kwenye nyumba fulani, na jibu bado. Siku ya ukaguzi akaingia humo humo bila kufikiri. Mama mkwe mtarajiwa aliporudi kutoka sokoni alimkuta kajinyoosha kitandani kwake, soksi zinatazama dari.

“Baba, unatafuta nini kitandani kwangu?”

“Matundu, mama.”

“Umeyapata?”

“Mengi.”

“Basi hutoki hapo mpaka uyashone.”

Alishona mpaka vidole vikafa ganzi. Mama akaikagua kazi, akasema mwanaume wa namna hii hata akifilisika hatamvalisha binti yake matambara. Ndoa ilifungwa mwaka huo huo, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2001 akawa mkurugenzi wa mapambano dhidi ya malaria, na mwaka 2009 akaitwa kuiongoza kazi hiyo katika nchi nyingi. Kila mgeni kazini, awe daktari au profesa, alikabidhiwa sindano na uzi kabla ya kuonyeshwa ofisi. Wapo walionuna. Lakini yeye alihofia jambo moja tu: kwamba akiondoka, malaria itapigwa vita mikutanoni, na neti zitaishia kwenye mabanda ya kuku. Alistaafu mwaka 2020, akamwachia kiti daktari wa kike ambaye yeye mwenyewe alimlea kikazi. Hofu haikumtoka. Mkewe anasema aliweweseka akifukuza kuku.

Mwaka huu moyo ulimlaza hospitalini. Daktari yule aliyemrithi kiti alipokuja kumwona, hata pole hakutanguliza. Alivua viatu, akaingiza kichwa ndani ya neti ya mgonjwa, akamulika kwa simu, akaguna.

“Mzee, huku miguuni wamekuuza.”

Akatoa sindano kwenye mkoba, akashona. Marehemu alimtazama mpaka fundo la mwisho, kisha akamgeukia mkewe.

“Mama watoto, funga pazia. Sasa nina usingizi.”

Alifariki usingizini alfajiri iliyofuata, Jumanne tarehe 6 Agosti 2024.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja mwenye maneno mengi, na mama mkwe wa miaka tisini na mbili anayedai bado analala ndani ya neti ile ile.

Apumzike kwa amani, na asije mbu hata mmoja kumbishia hodi.