Saba Niliowaondoa Wilder Creek

Mheshimiwa Clifton Speight, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule ya Kaunti, Dk. Marguerite Hollowell, Mkuu wa Chuo kilichotuhifadhi chini ya paa lake kwa miaka kumi na tisa. Bi Rosalba Quiroz, mkuu mpya wa shule, ambaye kuanzia Jumatatu mtamlalamikia yeye na si mimi. Walimu wenzangu, wazazi, wahitimu, wanafunzi, na ninyi ndugu zangu mlioamka alfajiri kuchoma nguruwe huko nje: nawasalimu nyote kwa heshima.

Najua harufu ya ile nyama imeshaingia humu ukumbini, na nawajua watu wa Wilder Creek wakiwa na njaa. Sitawaweka sana. Lakini nina jambo nililolibeba muda mrefu, na nisipolisema leo, ningali na cheo na ningali nimesimama mbele yenu, nitaondoka nalo nyumbani na halitamfaa mtu yeyote.

Asubuhi hii Bw. Speight amenionyesha kibao cha shaba ambacho Bodi inataka kukitundika pale mlangoni. Kina jina langu, Verlene Cofield, na chini yake pameandikwa kwamba katika miaka yetu mitatu ya mwanzo hakuna mwanafunzi hata mmoja wa shule hii aliyefeli somo la chuo. Bw. Mwenyekiti, maneno yale ni ya kweli. Nimeyasoma mara mbili, na mara zote mbili nimeona haya.

Kwa wageni wetu niseme kidogo. Hapa kwetu mtoto wa miaka kumi na minne anaanza sekondari, na haupiti muda mrefu anavuka uwanja wa magari na kuketi darasa moja na watu wazima wa chuo. Akifaulu, anatoka na vyeti viwili kwa mpigo. Akifeli, alama ile inamfuata miaka na miaka, na inaifuata shule pia. Sisi tulikuwa wanafunzi mia moja na arobaini tu. Katika shule ndogo namna hiyo, watoto watatu wakifeli, kaunti nzima ina habari kabla ya chakula cha mchana.

Basi mimi nilifanya nini? Niliikariri tarehe. Chuo kina siku ya mwisho ya mwanafunzi kujiondoa kwenye somo bila kuandikiwa alama, na kila muhula, wiki moja kabla ya siku hiyo, nilikuwa natazama majina ya wanaozama, namwita mzazi, nafunga mlango, nalainisha sauti, kisha nasema: "Shule hii si ya kila mtu, mwanangu. Kule shule kubwa utapumua." Mzazi anasaini, mtoto anarudi shule ya kaunti, na ripoti yangu inabaki safi. Sikumfukuza mtu. Nilikuwa mpole mno kufukuza. Kwa upole huohuo niliwaondoa watoto saba.

Wa nane alikuwa Keosha Bazemore. Yuko hapa mstari wa mbele pamoja na mama yake, na amenipa ruhusa nisimulie habari yake. Ilikuwa mwaka wetu wa nne, na hesabu za chuo zilikuwa zimemlemea. Mama yake, Bi Earline, alikuja ofisini moja kwa moja kutoka kiwanda cha kuku, na mabuti ya kazi yangali miguuni.

"Bi Mkuu, nina dakika ishirini tu. Mashine haiwezi kuningoja."

Alisaini bila kusoma. Keosha alichukua begi lake akatoka, nami nikashukuru kwamba hakulia.

Sasa, wakati ule tulikuwa tumewagawa wanafunzi kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na mwalimu wake na meza yake ya kifungua kinywa. Wageni waliokuja hapa na madaftari yao kutoka kaunti nyingine niliwaambia ulikuwa mpango wa malezi. Ukweli ni kwamba chumba chetu cha kulia kilikuwa kidogo. Asubuhi iliyofuata nikawakuta watoto kumi na mmoja wa meza ya Keosha wameketi sakafuni kwenye ujia, mbele ya mlango wangu.

"Mna nini hapa? Saa ya hesabu imefika. Vukeni!"

Aliyenijibu ni Latrice Peele, na wanaomjua Latrice wameshaanza kucheka. "Hatujatimia, Bi Cofield."

"Keosha amehama."

"Hajahama. Amehamishwa. Kinachomsumbua ni hesabu, Bi, si ugonjwa wa kuambukiza."

"Latrice, chunga mdomo wako."

"Nauchunga. Ningeuachia ungesikia mengine."

Nilikasirika, ndugu zangu. Niliwatisha kwa barua za nidhamu, niliwapigia wazazi wao simu, na hawakuinuka. Siku ya pili akaja Bw. Yarborough, mhadhiri wa hesabu, mzee ambaye tangu mwanzo hakupenda kufundisha watoto wetu na hakuficha. "Verlene," akasema, "unataka nifundishe viti?" Nikadhani amekuja kuniunga mkono. Akageuka mlangoni. "Yule binti amekuja ofisini kwangu mara nne kuuliza maswali. Wewe ulimwuliza mara ngapi ana shida gani?"

Sikuwa nimemwuliza hata mara moja. Nilikuwa na alama zake, na nilikuwa na tarehe.

Siku ya tatu niliendesha gari hadi kwa akina Bazemore. Bi Earline alikuwa barazani anamenya maharage, na hakuacha kumenya. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Usiniombe mimi. Mimi nilisaini kwa sababu nilikuamini. Mwombe yeye."

Keosha akaja mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na sita. Nikamwomba radhi na kumwambia nafasi yake ipo.

"Kabla yangu walikuwa wangapi?"

"Saba."

"Na hao umewafuata nyumbani?"

"Hapana."

"Basi mimi sirudi kwa sababu tu Latrice ana kelele. Nitarudi ukiwafuata na wao."

Nani kati yenu amewahi kupewa masharti na mtoto, akajua moyoni kwamba mtoto ana haki? Nilikwenda. Nyumba kwa nyumba, Jumamosi tatu mfululizo. Wanne walirudi. Wawili walikuwa wameshazoea kule, wakanishukuru kwa kuja, wakabaki. Mmoja alinifungia mlango kabla sijamaliza jina langu.

Na Keosha alirudi, akafeli hesabu muhula ule. Ndiyo, alifeli! Msinitazamie hadithi tamu hapo. Meza nzima ilimfundisha, Bw. Yarborough alimfundisha, na bado alifeli, na alama ile iliingia kwenye ripoti yetu, nami nikaitwa makao makuu ya kaunti kujieleza. Alirudia somo, akapita kwa shida. Leo ni muuguzi, na wiki iliyopita ndiye aliyemfunga mama yangu bandeji.

Tangu mwaka ule, hakuna meza inayovuka uwanja wa magari asubuhi kabla haijatimia. Mmoja akikosekana, mwenzake anapiga simu nyumbani. Mmoja akizama, meza inakaa naye kwanza, na fomu ya kuhama haitoki kabatini mpaka mwenyewe aiombe. Hiyo ndiyo desturi mnayoisifu, ambayo gazeti liliandika kwamba niliijenga mimi. Sikuijenga. Ilijengwa na watoto kumi na mmoja walioketi sakafuni kunipinga, na mimi nikaipokea sifa miaka yote hii kwa sababu ilikuwa tamu. Latrice, na wenzako wote, naomba radhi mbele ya watu.

Kwa hiyo, Bw. Mwenyekiti, nakuomba kwa heshima zote usikitundike kile kibao. Najua kimeshachongwa, na najua uliyachagua maneno yale kwa mapenzi. Lakini kinaisifia shule kwa miaka ambayo haikustahili sifa, na mtoto anayezama akikisoma asubuhi atajua kabisa anatakiwa afanye nini. Atatuondolea aibu yeye mwenyewe, kimyakimya.

Nimalizie na yule aliyenifungia mlango. Anaitwa Royce Vaughan. Sasa ana miaka thelathini na mitatu, anaendesha lori la magogo, na miaka yote hii tukikutana dukani alikuwa anabadili njia. Jumanne hii alikuja ofisini kwangu. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Sijaja kukusamehe, Bi Cofield."

"Sikutarajia hilo, Royce."

"Binti yangu Amaya amepokelewa hapa. Nilimkatalia. Siku ya tatu sasa hali chakula vizuri, analia tu. Nataka kujua kitu kimoja. Hesabu zikimshinda, mtamfanya nini?"

Nilifungua mdomo nimwahidi, ndugu zangu, na ahadi ilikuwa tayari ulimini. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nimebakiza siku tatu. Ahadi yangu ingekwisha Ijumaa, na mtoto anaanza mwezi wa nane. Royce alikwisha kudanganywa mara moja na mimi kwa sauti laini, na sikuwa tayari kumfanyia hivyo mara ya pili. Nikamwambia ukweli kwamba sina uwezo wa kumjibu. Nikamsihi aje leo, kwa sababu watakaomjibu watakuwa wamekusanyika.

Amekuja. Ndiye yule aliyesimama nyuma karibu na mlango, na yule msichana aliyemshika mkono ndiye Amaya.

Bi Quiroz, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa kila meza: baba ameuliza swali, na mtoto mwenyewe anasikiliza. Nawashukuru kwa kunivumilia leo na kwa miaka kumi na tisa. Asanteni sana kwa kunitegea masikio. Mimi naketi. Inukeni, mumjibu.