Mtoto Aliyekataa Maziwa ya Ng'ombe Wake

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nisimame mara nyingi nami nikawa namkwepa. Leo ameweka kiti chake mlangoni kabisa, kwa hiyo nimekosa pa kutokea.

Mnanijua. Mimi ndiye yule anayemuuliza padri maswali mpaka watu wanaanza kuangalia saa. Mtu akitoa ushuhuda kwamba aliombewa akapona, mimi moyoni nauliza: na dawa je, hakunywa? Sasa zamu yangu imefika. Niacheni nisimulie kama yalivyotokea, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

Kwetu ni Samuye, kule Shinyanga. Baba yangu ni mfugaji, na kwake mtu asiye na ng'ombe ni mtu anayesubiri kuwa mtu. Mke wangu kwao ni Chato, ziwani. Wengi wenu mnamfahamu kwa karanga na mbegu za maboga anazokaanga pale stendi. Mimi nina shahada, na nauza vipuri vya pikipiki. Hilo nalo lina maswali yake, ila si ya leo.

Mtoto wetu alipozaliwa, huyu tunayemwita Junia, Baba alimtengea ng'ombe. Kwenye ukoo wetu mjukuu wa kwanza hupewa ng'ombe wake, na maziwa ya ng'ombe huyo hakuna anayeyagusa kabla ya mtoto. Sisi tunaishi Geita, ng'ombe yuko Samuye, mtoto atanywaje? Baba akampakia ng'ombe kwenye fuso. Mnakumbuka siku aliposhushwa pale kwetu, mwekundu mwenye mabaka meupe, akaanza na mchicha wa jirani kabla hajafungwa kamba. Tukamwita Mabaka.

Junia alipoanza kuachishwa ziwa, tukamwanzishia maziwa ya Mabaka. Asubuhi maziwa, mchana uji wa maziwa, jioni ugali laini na mtindi. Haikuchukua muda akatoka vipele shingoni na kwenye viwiko. Kisha kuharisha, kisha kutapika. Siku moja mke wangu akaona damu kwenye nepi.

Nikampigia Baba simu.

"Mnampa maziwa kiasi gani?" akauliza.

"Kikombe, Baba. Asubuhi na jioni."

"Kikombe! Mnamlea mtoto au paka? Ongezeni."

Tukaongeza. Ndugu zangu, nawaambia, mimi ninayehoji kila kitu hilo sikulihoji. Nilikunywa maziwa tangu sijajua kutembea, ningeyashukuje? Mtoto akidhoofu, kwetu jibu ni maziwa. Akizidi kudhoofu, maziwa zaidi. Tukaendelea hivyo mpaka suruali zake zikawa zinadondoka akisimama.

Mke wangu ndiye aliyesema, "Baba Junia, mbona siku ile Mabaka alipokanyaga ndoo yakamwagika yote, mtoto alilala vizuri?"

Tukaenda kliniki.

Muuguzi aliyetupokea alimpima mkono kwa ule utepe wenye rangi, akatuuliza anakula nini. Tukamwambia. Akasema tuache maziwa yote ya ng'ombe, mabichi, ya kuchemsha, mtindi, samli, kila kitu, turudi baada ya wiki mbili. Alisema kuna watoto ambao mwili unayaona maziwa ya ng'ombe kama adui na kuanza kupigana nayo.

Nikamuuliza anajuaje. Nikamuuliza kama inaweza kuwa maji, minyoo, au joto. Nikamuuliza mwili unapiganaje na maziwa.

"Baba," akasema, "umekuja kutibiwa au kunihoji?"

"Vyote, dada."

Akacheka, akajibu yote. Minyoo akaipima, haikuwepo.

Tukaacha maziwa, na kuharisha kukakoma. Vipele vikaanza kukauka. Ila mtoto aliyekuwa akiishi kwa maziwa sasa ale nini? Nikaingia kwenye simu. Humo nikakuta watu wakiapa kwamba mbegu zinayashinda maziwa kwa kila kitu. Nikawaamini upesi, nadhani kwa sababu nilikuwa na hasira na Mabaka. Nikamwambia mke wangu, dawa unaikaanga kila siku pale stendi! Tukaanza uji wa karanga, uji wa ufuta, uji wa mbegu za maboga, na hakuna kingine.

Tuliporudi kliniki nilimweleza muuguzi kwa fahari. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mbegu ni chakula kizuri sana," akasema. "Zina mafuta mazuri, zina protini, na zina madini ya chuma ambayo kwenye maziwa ni haba. Mtoto anayeshiba maziwa peke yake anaweza kuishiwa damu, hilo watu wengi hawalijui. Lakini chokaa ya mifupa, maziwa yanaitoa kirahisi. Ufuta unayo, ila ganda lake linaishikilia, mwili haupati yote. Na kuna vitamini ya damu na neva ambayo mbegu hazina kabisa, inatoka kwa wanyama tu."

"Kwa hiyo kipi kinashinda?"

"Huu si mpira, baba. Mbegu zikae, halafu tutafute kitakachojaza pale maziwa yalipotoka. Anakula dagaa?"

Mke wangu akaangua kicheko. Mtu wa Chato anaulizwa kama mwanawe anakula dagaa! Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawazuia mlangoni kwa sababu ya harufu.

Basi tukapanga chakula upya. Dagaa wakavu, wazima na mifupa yao, tunasaga unga. Karanga tunachagua moja moja, yenye ukungu tunatupa, kwa sababu ya ile sumukuvu. Mbegu za maboga na ufuta tunakaanga kidogo na kusaga laini, maana mbegu nzima humpalia mtoto. Alituonya pia tuanze na aina moja moja tukimwangalia, kwani hata karanga kuna wanaozikataa. Maharage, mboga za majani, yai likipatikana. Junia akaanza kujaa mashavu.

Sasa Baba. Habari zikamfikia kwamba mjukuu hanywi maziwa, anakula mbegu. Akanipigia.

"Mbegu ni za kupanda," akasema. "Zikibaki, za kuku. Mwanangu amesoma mpaka amekuwa kuku?"

"Baba, mwili wake hauyataki maziwa. Protini anaipata kwenye mbegu na dagaa."

"Haumtaki ng'ombe niliyempa. Sema tu. Huo ni ulimi wa watu wa samaki."

Maneno hayo yalimuumiza mke wangu. Baada ya mavuno tukaenda Samuye ili Baba amwone mtoto kwa macho yake, nikidhani mashavu yatamaliza ubishi. Baba alimbeba, akampima uzito kwa mikono kama anavyopima ndama, akatabasamu. Nikaona yamekwisha. Nikaenda kisimani na ndoo.

Niliporudi, Junia alikuwa mapajani mwa Baba, mdomo mweupe kwa mtindi.

"Huu si maziwa," Baba akasema kabla sijafungua kinywa. "Maziwa mabichi yana hasira. Mtindi umeshatulia."

Nawaambia, wapendwa, hata sijamaliza kutua ndoo, midomo ya mtoto ilianza kuvimba. Macho yakafuata. Kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Mke wangu hakupiga kelele, alimchukua tu akakimbilia barabarani, na bodaboda wa kwanza kupita akashusha gunia la watu akatubeba. Baba akaja nyuma kwa baiskeli.

Pale kituo cha afya walimchoma sindano, wakamwekea hewa. Ile filimbi ya kifua ikapungua, ikapungua, ikakoma. Alipolia kwa sauti yake ya kawaida nilikaa chini, palepale sakafuni.

Baba alikuwa kwenye benchi la nje, kofia mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima. Nilipomwona, yakaisha. Likabaki swali moja.

"Baba, ndama akiharisha kwa maziwa ya mama yake, unafanyaje?"

Akaniangalia kama mjinga. "Namtenga na titi. Kila mtu anajua."

"Humwongezei?"

"Nimwongezee nimuue?"

Aliangalia mlango ambao mjukuu wake alikuwa nyuma yake, akaangalia kofia yake. Alipozungumza, alinikaripia.

"Sasa mbona hukuniambia hivyo tangu mwanzo? Nakupigia simu unaniletea protini!"

Tulicheka, jamani. Mimi na Baba, kwenye benchi la wagonjwa, tulicheka mpaka tukafuta machozi, na yale machozi sijui yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya mke wangu. Mzee wa Kisukuma haombi radhi kwa mkwe kirahisi. Alisema, "Mayu, wabeja," yaani mama, asante. "Mtoto ulimlinda." Mke wangu akapiga goti na yeye akamwinua.

Niliuliza habari ya Mabaka, nikitegemea atataka arudishwe.

"Ng'ombe ni wa Junia," akasema. "Na ndama wake ni wa Junia. Maziwa ndiyo mtayanywa ninyi. Nani alisema zawadi ni maziwa?"

Nataka kushukuru. Namshukuru muuguzi ambaye hakuchoka na mdomo wangu. Namshukuru yule bodaboda ambaye hata jina hakuniachia. Nawashukuru akina mama wa jumuiya hii: aliyetuazima kinu, aliyechagua karanga nasi barazani, mliokuja kusali hata nilipokaa pembeni nimekunja mikono. Mungu namshukuru pia, na maswali yangu kwake bado ninayo, naamini ameyazoea. Mke wangu namshukuru kwa ile ndoo iliyomwagika ambayo yeye peke yake aliikumbuka.

Msitoke hapa mkasema nimewaambia maziwa ni mabaya. Mimi nayanywa kila asubuhi, ya Mabaka, na Junia ananiangalia. Muuguzi anasema watoto wengi huja kupatana nayo wakikua, na siku hiyo tutayajaribu palepale kliniki, siyo nyumbani. Ninachowaomba ni kidogo. Mtoto akidhoofu kwa chakula ambacho wote tunakisifu, mwangalieni mtoto kwanza, kiacheni chakula kijitetee baadaye. Na mwulize aliyeona, hata kama ni mke wako.

Wiki iliyopita Baba alikuja kututembelea. Junia alimfuata akakaa naye kivulini mwa zizi. Nilipotazama, mzee alikuwa ametoa kitu kwenye mfuko wa koti, anatafuna, huku mtoto akimvuta mkono apewe. Nikasogea. Zilikuwa mbegu za maboga, za mke wangu, kutoka stendi.

"Baba," nikamwuliza, "umekuwa kuku?"

"Nyamaza," akasema, akitafuna. "Hizi nzima zitampalia. Kamletee mwanao zilizosagwa."