Bi Dirisha na Bomba la Uani

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Dirisha, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili wa mpiga chapa na mkunga. Alianza kutembea mapema, lakini kumfikisha mahali ilikuwa kazi. Akiona siafu wamejipanga kwenye ufa wa ngazi, anachuchumaa, na safari imeishia hapo.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya stendi, kisha chuo cha ushonaji, akahitimu mwaka 1980. Walimu walichoka kumwondoa dirishani, na jina likamganda.

Alishona sare kiwandani, ghorofa ya tatu, hadi alipostaafu. Mchana wenzake wakisinzia, yeye yuko nje kwa macho: mwewe juu ya mnara wa simu, majani yaliyoota kwenye bati, paka wa duka la vipuri akihamisha wanawe. Ananyoosha kidole. "Jamani, njooni muone!" Nao, "Dada, tuache tulale." Lakini walikuja.

Mwaka 1986 aliolewa na fundi bomba, huyu tuliye naye hapa, wakajaliwa binti mmoja. Ndoa yao haikukosa kelele, na nyingi zilitokana na bomba la uani, ambalo lilidondosha maji miaka yote. Majirani hawakumwacha: "Fundi mzima, kwako kunavuja!" Kila alipochukua spana, mkewe alisimama mbele yake. Wakati wa kiangazi mbayuwayu walichota tope pale chini ya bomba, wakajenga kwenye paa, mkabala na dirisha la chumba chao.

"Ukilifunga watajengea nini, mume wangu? Mate yako?"

Fundi alirudisha spana, akinung'unika.

Julai mwaka huu kiharusi kilimnyang'anya usemi na upande mzima wa kulia. Alitoka hospitali akalazwa kitandani pake, karibu na dirisha. Mwanzoni mwa Septemba akaanza kunyoosha kidole cha kushoto kuelekea nje, machozi yanamtoka. Wakamletea maji, blanketi, wakamwombea. Kidole hakikushuka. Mumewe, roho juu, akasikia bomba: to, to, to. Maskini, akaamini ndilo linalomnyima mkewe usingizi. Akaweka mpira mpya, akalikaza barabara, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Mgonjwa akashusha kidole, akageukia ukutani. "Afadhali, amepata usingizi," fundi aliwaambia wageni, na alifurahi.

Jumatatu binti yao alifungua pazia, akaona kiota kimeishia nusu, tope limekauka. "Baba! Alikuwa anatuita tuone ndege!"

Fundi alitoka mbio na spana. Jioni ile bomba lilidondosha tena, naye akakaa kando ya mkewe akimsihi ageuke. Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, mchana, alifariki dunia. Ndege walikuwa hawajarudi.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na mdogo wake anayewasomea haya.

Familia ina ombi moja. Tukitoka hapa, wengi mtanawa mikono uani, na bomba mtalikuta linavuja. Wenye mikono myepesi tunawajua. Tafadhali, msilikaze. Fundi hajatoka dirishani tangu Jumanne ile, na leo tumemleta hapa kwa kumbembeleza.

Pumzika kwa amani, dada. Wakirudi, tutaitana tuone.