Syokau Kiilu na Kuku Waliokuwa Kazini

Kwa heshima na taadhima, familia ya marehemu Kiilu Munyao inawatangazia watumishi wa Mungu, wazee wa ukoo, kwaya zote tatu, na kila aliyefika mapema akifuata harufu ya sufuria, kwamba Syokau Kiilu, mwajiri mkuu wa kuku katika eneo hili kavu la Mtito Andei, ameacha kazi. Wasifu wake ni huu. Binti yake Kathini ameomba usomwe bila kupunguzwa. Mzee Ndolo, kaa tu. Bado hatujafika kwako.

Marehemu Syokau alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 huko Mutomo, Kitui, mtoto wa pili wa Mutisya na Kanyiva. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba, akafaulu, kisha mvua ikakosa na karo ikafa pamoja na ng'ombe. Hakulia. Aliudhika, akaendelea kuudhika maisha yake yote, na hasira hiyo ilimlisha vizuri kuliko vyeti vilivyowalisha wengi wetu hapa.

Mwaka wa 1976 aliajiriwa jikoni katika hoteli ya Bi Khamisa, hapa Mtito Andei. Kazi yake ilikuwa kunyonyoa na kukaanga kuku wa madereva wa malori. Alisema alinyonyoa kuku wengi hadi akaanza kuwaonea haya walio hai. Hapo ndipo alipokutana na Kiilu, fundi wa kuziba pancha, aliyekuja kula kila siku hata siku ambazo hakuwa na njaa. Walifunga ndoa Agosti 1983 na kujaliwa Kyule, Mbaluka na Kathini.

Kiilu alifariki mwaka wa 2009, mwaka ambao hata miiba ilinyauka. Alimwachia mjane wake udongo mwekundu, mgumu kama sakafu, wenye mchwa wengi kuliko waumini. Syokau akachimba mashimo mapana, akayajaza majani makavu na mbolea ya kuku iliyokaa hadi ikaacha kuchoma, akapanda sukuma wiki, terere na mapapai. Maji yalikuwa yale yaliyokwisha kuosha vyombo. Akishavuna shimo, alilizungushia matawi ya miiba na kuwafungia kuku ndani. Wakachakura, wakala mchwa na funza, wakaacha mbolea, kisha akawahamishia shimo jingine. Mchana walijipumzisha chini ya mapapai. Hakuna aliyefanya kazi ya bure pale isipokuwa yeye.

Kwa hiyo hakuchinja kuku kwa sababu ya mgeni. Kamwe. Mgeni alipata chai, mayai na sahani ya mboga. Kanisani wakamwita mchoyo. Mzee Ndolo, ndugu wa Kiilu, sasa tumefika kwako, ulisimama kwenye ua ule ukasema:

"Shemeji, mbona huyu jogoo amenona hivi na sisi tuko hapa?"

"Huyo yuko kazini."

"Kuku ana kazi?"

"Kukushinda."

Ukoo ulipokaa mwaka juzi kugawa shamba, Kyule na Mbaluka walipata. Kathini, aliyerudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda, hakupata hata pa kuanika nguo. Syokau akasimama na kusema, "Sawa, shamba mmegawa. Kuku na hayo mashimo ni vya Kathini. Ndivyo vitalisha watoto wake. Mtu asiguse." Mlisema amina. Nyote. Mzee Ndolo alisema mara mbili.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa, akarudi nyumbani Januari akiwa hawezi kutoka kitandani, na hapo ndipo upendo wenu ulipoanza. Mlikuja kumwona mgonjwa. Mzee Ndolo akajipa uenyekiti wa mapokezi, akatangaza kwamba ni aibu watu waliotoka mbali waondoke na chai tupu. Kathini alipomzuia kwenye mlango wa banda la kuku aliambiwa, "Wewe mtoto, unataka mama yako azikwe na sifa mbaya?"

Akina mama wa kanisa walikula wawili. Vijana walikula watatu, wakaomba supu. Kwaya ya Nunguni ilifika na gari zima, ikaimba nyimbo nne kando ya kitanda, ikala, ikashukuru, ndipo mwalimu wao akauliza mgonjwa anaitwa nani. Walikuwa wanamtafuta Syokau mwingine, mama wa mwanakwaya wao, ng'ambo ya reli. Wakaondoka. Huko nako, tunasikia, walikula.

Wa mwisho alikuwa tembe mweusi. Alichinjwa akiwa amelalia mayai, kwa ajili ya Mchungaji Mutua. Mayai yakapoa. Mchwa wakarudi kwenye mashimo, wakakata sukuma wiki moja baada ya nyingine, na Kathini akaanza kununua mboga sokoni kwa watu waliokuwa wakinunua kwake. Mgonjwa aliyasikia yote kupitia dirisha. Mnataka tuseme aliugua kwa uvumilivu. Hakuvumilia. Aliishiwa sauti ya kufoka.

Alifariki Jumapili, tarehe 23 Machi 2025, alfajiri. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, shemeji mmoja mwenye afya nzuri sana, na binti ambaye anaanza upya bila kitu. Anayetaka kumfariji Kathini asimletee wimbo. Amletee tembe, akiwa hai, kisha aende kwake. Naye Syokau alale salama, mahali ambapo hakuna anayebisha hodi.

Limebaki jambo moja. Kwenye ratiba mliyoshika imeandikwa kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa ya ushindi. Kathini alikuwepo. Jumamosi ile alasiri Mchungaji alirudi na wazee tisa, wakazunguka kitanda, akainua mkono na kusema, "Mama Kathini, malango yamefunguliwa, taji lako liko tayari, na sisi watumishi tumekuja kukusindikiza. Una neno gani kwetu?"

Marehemu alifungua macho, akawatazama mmoja mmoja.

"Kuku wameisha."